Kubana Majani: Kazi ya Mikono kwa Watoto Wakati wa Likizo

Somo la leo si la mbuzi wa maziwa wala la tangi la maji. Ni somo la majani ya miti. Najua kuna mwanachama ambaye ameshaanza kucheka na kusema, "Majani tunayo tele, ng'ombe anayala kila siku, sasa huyu anataka kutufundisha nini?" Ngojeni kidogo.

Kuna shule moja ya chekechea ambayo huwa naitembelea, upande wa Embu. Shule hiyo ina sanduku la vitabu vya msaada vilivyotoka ng'ambo, na kimojawapo ni cha kazi za mikono kwa watoto. Ni kitabu kizuri chenye picha nyingi. Mwalimu alikuwa amekitumia hadi katikati, halafu akaruka kurasa sita nzima. Nilipomuuliza sababu alinionyesha picha za watoto waliovaa makoti, wanaokota majani mekundu na ya rangi ya chungwa chini ya miti, wanayabana kati ya kurasa za vitabu na kuyabandika kwenye karatasi. "Sisi hatuna msimu huo," akaniambia. "Hayo majani mekundu nitayatoa wapi?"

Tulikuwa tumesimama karibu na dirisha. Nje kulikuwa na mparachichi, na chini yake majani makavu ya rangi ya kutu yamejaa hadi kwenye ngazi ya darasa. Mtoto wa zamu alikuwa anayafagia ili yachomwe.

Kwa nini jani hubadilika rangi

Wacha tuanze na hao wa ng'ambo, maana watoto watauliza. Katika nchi za baridi kama Uingereza na Kanada, kati ya Septemba na Novemba, siku huanza kuwa fupi na baridi huingia. Vitabu vingine vya Kiswahili huuita msimu huo vuli, jambo linalotuchanganya, kwa sababu kwetu vuli ni mvua fupi, wakati majani yanapochipua. Kwao ni wakati wa majani kupukutika.

Ndani ya jani kuna rangi ya kijani ambayo wataalamu huiita klorofili. Hiyo ndiyo inayotumia mwanga wa jua kuutengenezea mti chakula. Mti unapojiandaa kuangusha majani huacha kutengeneza rangi hiyo, na ile iliyomo huvunjika. Vitu vingi vya maana vilivyokuwa ndani ya jani hurudishwa kwenye matawi, kama mtu anayehama nyumba na kubeba vyombo vyake. Sasa, ile rangi ya manjano unayoiona wakati huo ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, ila ilifunikwa na kijani. Nyekundu ni tofauti. Katika miti mingi hutengenezwa upya katika siku hizo za mwisho.

Huku kwetu, karibu na ikweta, urefu wa siku haubadiliki kiasi cha kuonekana. Miti yetu huangusha majani kwa sababu ya kiangazi, au kwa sababu jani limezeeka. Ndiyo maana hatuoni mlima mzima ukigeuka mwekundu kwa wiki moja. Mti mmoja unabadilika leo, mwingine mwezi ujao, na kwenye mti uleule utaona jani moja jekundu katikati ya majani mia ya kijani. Rangi zote tunazo, lakini ni lazima mtu azitafute, na mtu anayejua kutafuta kuliko wote ni mtoto.

Majani ya kwetu

Siku iliyofuata tulitoka na watoto kumi na wanane, kila mmoja na kikapu au sahani ya zamani. Sheria ilikuwa moja: leta majani yasiyofanana. Tulizunguka kwa muda wa saa moja hivi, hatukufika hata barabara kuu.

Waliporudi tuliyapanga chini kwa rangi. Majani ya mpera yaliyozeeka yalikuwa na wekundu unaoelekea zambarau. Ya mparachichi yalikuwa kama kutu. Mwembe ni kinyume cha miti mingine, kwa kuwa jani lake jipya ndilo jekundu, likikua linakuwa kijani. Mgrevilea, ambao watu wa huku huuita mukima, una jani lililokatikakatika kama unyoya, juu kijani na chini jeupe kama majivu. Mukinduri nao una jani lenye rangi ya fedha upande wa chini. Mtoto mmoja alileta kipande cha ganda kavu la mgomba, na tulipolichana tukapata rangi za udongo kama tano, kuanzia nyeupe chafu hadi kahawia iliyokolea. Wasomaji wa Pwani mnao mkungu, ambao majani yake makubwa hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Ninyi hamna kisingizio kabisa.

Mwacheni mtoto achague mwenyewe. Kuna jani lililoliwa na kiwavi, limejaa matundu, na mama mmoja alitaka kumnyang'anya mtoto na kumpa zuri. Mtoto alikataa. Baadaye matundu yale ndiyo yalikuwa nyota kwenye picha yake.

Yale yasiyofaa kuguswa

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu nitaeleza kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mahali pengine, niliwatoa watoto bila kutembelea njia kwanza. Kando ya boma moja kulikuwa na ua wa mnyaa, ule mti wenye vijiti vya kijani vya mviringo kama penseli, Wakikuyu huuita kariaria na Wajaluo huuita ojuok. Msichana wa miaka sita alivunja kijiti, utomvu mweupe ukamrukia jichoni. Alilia kilio ambacho bado nakisikia. Maji tuliyokuwa nayo ni ya chupa moja tu ya kunywa. Nilimbeba mgongoni hadi bombani, tukamwosha jicho, kisha tukampeleka hospitali. Alipona, lakini kwa siku kadhaa hakuona vizuri, na mama yake alikuwa na haki ya kunikasirikia.

Tangu siku hiyo natembea njia yote peke yangu siku moja kabla, na siku yenyewe nabeba mtungi wa lita tano za maji safi. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, usipake maziwa wala mafuta. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua kumi na tano, usimruhusu mtoto kufikicha, kisha nenda hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Mimea mingine ya kuiepuka ni upupu, ambao kila mtu anaujua kwa mwasho wake; oleanda, yenye majani membamba marefu, iwe ya maua ya waridi au ile ya manjano, kwani sehemu zake zote zina sumu; na mbegu za mbarika, ambazo watoto huzipenda kwa madoadoa yake na ambazo zinaweza kuua mtu akizitafuna. Lantana imejaa kwenye ua za wengi wetu. Majani yake hukwaruza ngozi, na matunda yake mabichi ni sumu. Kwa jumla, mmea ukitoa utomvu mweupe, uacheni. Nasema hivyo nikijua kwamba mipapai na mihogo mtaiacha pia, na ni majani mazuri sana, lakini sheria fupi ndiyo mtoto wa miaka mitano anayoikumbuka. Sheria nyingine ni kwamba hakuna kutia chochote mdomoni, na mikono inaoshwa kwa sabuni mara tunaporudi.

Halafu kuna kahawa. Jani la mkahawa linang'aa na linabanika vizuri, lakini ukiona lina doa la samawati au weupe, hiyo ni dawa ya kopa iliyopuliziwa. Msichume katika shamba lililopuliziwa dawa, liwe la kahawa, nyanya au maharagwe. Muulizeni mwenye shamba. Kwanza ni adabu.

Namna ya kubana

Chuma majani saa nne au saa tano za asubuhi, umande ukishakauka. Jani lenye maji juu yake litashika ukungu, hakuna dawa. Siku ya mvua msichume.

Mnahitaji magazeti ya zamani. Yasiwe yale majarida yenye karatasi za kung'aa, kwa maana hazinyonyi maji. Kijarida chetu hiki pia kinafaa, mradi kisomwe kwanza. Tandika magazeti matatu au manne juu ya ubao, panga majani yasigusane wala kulaliana, funika kwa magazeti mengine, panga tena, hivyo hivyo mpaka mfike tabaka tano au sita. Weka ubao wa pili juu, kisha uzito: mawe, matofali, au debe lililojazwa mchanga. Mtoto apange majani, mtu mzima ndiye anyanyue debe.

Kesho yake badilisha magazeti yote, kwa sababu yatakuwa yamelowa. Keshokutwa badilisha tena. Baada ya hapo kila baada ya siku mbili au tatu inatosha. Magazeti yaliyolowa yaanikwe juani, yatatumika tena. Hapa ndipo vikundi vingi hushindwa. Wanabana Jumamosi, wanafungua Jumamosi inayofuata, wanakuta ukungu mweusi, wanasema kazi hii ni ya wazungu. Kazi hii ni ya kubadilisha magazeti. Wapeni watoto zamu, wawili wawili, kama zamu ya kuchota maji.

Jani jembamba hukauka kwa wiki moja. Jani nene kama la mwembe huhitaji wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Kujua kama limekauka, lishike kwa kikonyo chake. Likisimama wima bila kulegea, limekauka. Au liguse shavuni: jani lenye unyevu huhisi baridi. Watoto wanapenda sana jaribio hilo la shavu, mtawaona wamejipanga foleni.

Wakati wa mvua ndefu, weka mbao zako mahali pakavu penye joto, kwa mfano darini juu ya jiko la kuni, mbali na cheche. Ikiwa mna haraka, pasi ya makaa yenye joto la wastani inaweza kukausha jani lililowekwa kati ya karatasi mbili, lakini pasi ni ya mtu mzima peke yake, na jani likipigwa pasi kwa nguvu linakuwa kahawia. Tena niseme ukweli, rangi haitakaa vile vile. Kijani hufifia, hasa mahali penye mwanga. Manjano na kahawia hustahimili zaidi. Weka majani yaliyokauka ndani ya bati la biskuti au bahasha, kabatini, gizani. Wengine walizoea kutumia mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, na hata hivyo ilikuwa inahifadhi unyevu.

Gundi ya unga

Gundi ya dukani haina haja. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano na vikombe vinne vya maji. Koroga unga kwa kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vilivyobaki, mimina ule unga polepole huku ukikoroga kwa mwiko, punguza moto, endelea kukoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto na ianze kung'aa. Ipoe. Ukitia kijiko cha chumvi itachelewa kidogo kuchacha, lakini baada ya siku mbili au tatu itachacha tu, kwa hiyo msipike nyingi. Unga wa muhogo hufaa pia. Unga wa mahindi haushiki vizuri.

Mama mmoja alisimama kwenye semina akasema, "Unga wa kubandika majani, na watoto hawajala?" Alikuwa sawa. Mwaka ambao mvua imekosekana, unga ni wa kula. Mwaka huo watoto wapange picha zao chini, kwenye udongo uliofagiwa, kila mtu azione, halafu upepo uzichukue. Au washone majani mapana kwa uzi. Picha ya chini ni picha pia, na watoto wadogo mara nyingi hufurahia zaidi kuivunja na kuipanga upya kuliko kuibandika.

Kubandika ni kupaka gundi nyembamba nyuma ya jani kwa unyoya wa kuku, kuliweka kwenye karatasi, kufunika kwa gazeti safi na kuweka jiwe usiku mmoja ili lisijikunje. Manila moja ukiikunja nusu mara nne na kukata kwenye mikunjo, unapata vipande kumi na sita, na kila kimoja kikikunjwa tena ni kadi. Ganda la mgomba likatwe kwa mkasi na libandikwe kama ukuta wa nyumba, shina la mti au mwili wa mtu. Jani la mpera likiwa na kikonyo ni kuku bila kazi yoyote.

Kwa watoto wadogo kabisa, au siku ambayo majani bado hayajakauka, kuna kazi ya kusugua. Weka jani mbichi mezani, mishipa ikitazama juu, weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa ubavu wa krayoni au kipande cha mkaa. Jani litajitokeza lenyewe na mishipa yake yote. Nimewaona watu wazima wakishangaa.

Mtoto anajifunza nini

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi wamelalamika juu ya vifaa wanavyoambiwa wapeleke shuleni. Bahasha moja ya majani makavu haigharimu kitu, na mwalimu anaweza kuitumia kwa hesabu, lugha na sanaa. Mtoto anapanga kwa ukubwa, anahesabu ncha, anatenganisha yenye meno na yasiyo na meno.

Lakini mimi napenda zaidi sehemu ya majina. Tulimwalika nyanya wa mmoja wa watoto, shosho wa miaka zaidi ya themanini. Aliketi kwenye kiti cha chekechea, magoti yamefika kidevuni, akashika jani moja baada ya jingine na kutaja jina lake, na kama ni la dawa ya tumbo au la kusugulia vibuyu. Mwalimu mwenyewe alikuwa hayajui majina mengine. Tuliyaandika kwenye karatasi pamoja na jani: jina, mahali lilipochumwa, tarehe, na jina la mtoto aliyelichuma. Wataalamu wa mimea hufanya vivyo hivyo. Hazina ya mimea iliyobanwa ya Afrika Mashariki iko kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ilianzia Amani, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Yetu iko ndani ya bati la biskuti, lakini utaratibu ni mmoja.

Jambo lingine ni la namna ya kuongea. Mtoto akimaliza picha usimwulize, "Hii ni nini?" Swali hilo humfanya aone ameshindwa. Sema, "Nieleze picha yako," kisha unyamaze. Kulikuwa na mvulana wa miaka saba ambaye kwa wiki mbili hakusema neno. Alikuwa anabandika majani manne ya mgrevilea pamoja na jani moja dogo mbali, pembeni ya karatasi. Kila siku picha ileile. Siku moja mwalimu alimwambia amweleze, akasema, "Huyu amekwenda kazini Nairobi." Basi. Hakuna aliyelia wala kumhubiria. Kesho yake alianza kucheza na wenzake.

Mkisikia jambo zito, kwamba mtoto anapigwa vibaya au anaguswa isivyofaa, msimhoji kama polisi na msikimbie kwenda kuuliza jirani. Msikilizeni, mwambieni hana kosa, kisha mwendeni kwa afisa wa watoto au mpige simu 116, ambayo ni namba ya bure ya kusaidia watoto.

Kadi za kuuza

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike somo hili. Kikundi kimoja cha kina mama kiliona kadi za watoto kikasema, hizi ni pesa. Na kweli zilikuwa nzuri. Mwenye duka la vinyago akaagiza kadi 200 kwa ajili ya Krismasi, zote ziwe na kuku wa jani la mpera, maana huyo ndiye aliyempendeza. Mama mwenyekiti akawakusanya watoto, kila mmoja akapewa idadi yake. Aliyebandika kuku akiwa ameinama aliambiwa arudie. Yule wa matundu ya kiwavi aliambiwa majani mabovu hayatakiwi.

Wiki ya kwanza walikuja watoto kumi na wanane. Ya pili kumi na mmoja. Ya tatu walikuja sita, na wawili kati yao walikuwa wametumwa kwa fimbo. Mvulana yule wa majani manne nilimkuta njiani anachunga mbuzi. Nikamwuliza mbona hamji tena. Akasema, "Mwalimu, siku hizi ni kazi."

Sikuwagombeza kina mama. Karo ilikuwa inadaiwa, na kadi 200 ni kadi 200. Tuliketi chini ya mti tukaongea kwa muda mrefu, na wengine walinuna. Niliwakumbusha sheria, kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka kumi na mitatu kuajiriwa katika shughuli yoyote, na wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na sita anaweza kufanya kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Mama mmoja akajibu kwamba mtoto kumsaidia mzazi si kuajiriwa. Ni kweli, kuokota kuni na kuosha vyombo ni malezi. Lakini kumpa mtoto wa miaka saba idadi ya kadi, na oda ya mwenye duka, na fimbo, hayo si malezi tena, hata kama hakuna mshahara. Au tuseme, hasa kwa sababu hakuna mshahara.

Mwishowe waliamua hivi. Kadi za kuuza zinatengenezwa na kina mama wenyewe, siku ya Jumatano baada ya chama. Wanabana majani yao wenyewe, wana mbao zao, na mweka hazina anaandika manila iliyonunuliwa na kadi zilizouzwa. Jumamosi ni ya watoto, na kinachotengenezwa Jumamosi ni cha mtoto. Anakibeba nyumbani, anakipa nyanya yake, au anakitupa. Mtoto akitaka kadi yake iuzwe, aseme mwenyewe mbele ya mzazi wake, na pesa ziwe zake. Kufikia sasa wametaka watatu tu.

Oda ya kadi 200 haikutimia mwaka ule. Walipeleka 120, na mwenye duka akapunguza bei. Kina mama hawakufurahi, na mimi sikutegemea wafurahi. Kuku wao kwa sasa wamesimama wima kuliko wa watoto, ingawa mimi bado napenda wale walioinama.

Ya kujadiliana katika kikundi

Gaweni kikundi mafungu ya watu wanne wanne. Kila fungu litaje miti kumi iliyo umbali wa kutembea kutoka mahali mnapokutania, na rangi ya majani yake wakati wa kiangazi. Ni ipi ambayo hakuna anayejua jina lake, na ni nani kijijini anayeweza kulijua? Ni mimea gani ya sumu iliyo kwenye ua zetu, na je, watoto wetu wanaijua? Katika nyumba zetu, ni kazi gani tunazowapa watoto ambazo ni malezi, na ni zipi ambazo zimekuwa ajira? Swali hili la mwisho lisiharakishwe. Wapeni nafasi wale ambao walikuwa vibarua utotoni, wao wanalijua vizuri.

Vikundi vinavyotaka kuanza likizo ya Agosti vianze kuweka magazeti sasa. Mafungu mawili yenye kimo cha kiganja yanatosha watoto ishirini, fungu moja likiwa chini ya mawe na jingine likikauka juani.